Lori Lisilojua Utani

Lori la Kondo Mwinshehe liliamka kabla ya mwenyewe. Lilijikung'uta umande, likafuta vioo vyake, likapasha joto kiti cha dereva, kisha likaingia kwenye kazi lililoipenda kuliko zote: kupima tabia ya bwana wake.

"Habari za asubuhi, ndugu mteja," lilisema Kondo alipopanda, mswaki ungali mdomoni. "Leo bima yako ni daraja la tatu. Jana ulikanyaga breki kwa upole. Mkopo wa matairi umeulipa kabla ya siku yake. Hongera."

"Hongera na wewe. Umelala vizuri?"

"Mimi silali, ndugu mteja."

"Ndiyo maana una umbea."

Wazee wa Kondo waliijua bima ya stika: unalipa mara moja kwa mwaka, unabandika karatasi kwenye kioo, unasahau. Bima ya zama za Kondo ilikuwa inapumua. Bei yake ilipanda na kushuka kila kulipokucha, na kilichoipandisha na kuishusha ni kifaa kidogo kama punje ya kunde, kilichokaa juu ya kioo cha mbele. Jina lake Msikizi. Kilipima mambo matatu: mguu, mfuko na jina. Mguu ni namna unavyoendesha. Mfuko ni namna unavyokopa na kulipa. Jina ni yale wanayoyasema watu juu yako wakiwa karibu na gari. Daraja la kwanza, bima yako ni bei ya kikombe cha kahawa. Daraja la saba halina bei kabisa. Gari hujifunga, na hata ulibembeleze kwa wimbo halikufungulii mlango.

Mtu atauliza, deni na breki wapi na wapi? Kondo naye aliuliza. Jibu lilikuwa hili: wataalamu walizipitia rekodi za madereva wa nchi nzima, wakaona kwamba anayechelewesha deni mara nyingi huchelewa pia kukanyaga breki. Kwa nini, hawakujua. Wengine walisema mawazo ya deni hupofusha macho. Wengine wakasema uzembe ni mmoja, hubadilisha nguo tu. Mashine haikuuliza kwa nini. Iliona mambo mawili yanatembea pamoja kila siku, ikayafungisha ndoa.

Na haki yake tuipe. Ajali zilipungua Tabora mpaka wodi ya mifupa ikakosa wagonjwa, ikageuzwa ukumbi wa harusi, na mabibi harusi wakawa wanapigwa picha chini ya zile kamba za kuning'inizia miguu iliyovunjika. Kondo mwenyewe alikuwa na doa moja tu tangu aanze kuendesha. Alisimama ghafla katikati ya barabara kuu kupisha msafara wa siafu, ambao kwa maelezo yake ulikuwa na urefu wa treni na polisi wao mbele. Msikizi aliandika: kusimama bila sababu.

Kazi ya Kondo ilikuwa kuhamisha nyuki. Maua ya miombo hayachanui yote kwa pamoja, na mfugaji mwenye akili huyafuata maua yalipo. Basi Kondo alipakia mizinga, akaipeleka msitu huu mwezi huu, msitu ule mwezi ujao. Mizinga mingi ilikuwa ya mtu mmoja, Katabi Lugenge, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

Katabi alikuwa Mnyamwezi. Kondo alikuwa Mzaramo, aliyeletwa Tabora na mama yake tangu mdogo. Na makabila hayo mawili yametaniana tangu enzi za misafara, watu wa bara walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo kichwani. Mtani hukutukana usikasirike. Hukunyang'anya kofia usiidai. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha machozi yangali mashavuni, kisha huyohuyo anashika jembe akusaidie kuzika.

Asubuhi ile Katabi alikuwa anangoja kwenye mizinga yake.

"Shuka, mwizi mkubwa!" alipiga kelele lori halijasimama. "Mwaka wa pili huu namdai mtu mbuzi wangu!"

"Mbuzi gani? Yule niliyemla, au yule aliyehama kwa harufu yako?"

"Na lori hili umeliiba wapi? Mzaramo na lori! Wewe mtu wa kulala chini ya mnazi ungoje dafu likudondokee mdomoni."

"Babu yako alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo," Kondo alisema akifungua bodi la nyuma. "Kufika, akaambiwa kasahau moja. Akaitua ile aliyokuja nayo, akarudi kuchukua nyingine. Mpagazi mmoja wewe!"

"Jamani, msipande gari la mtu huyu!" Katabi aliwageukia vibarua wake. "Huendesha amefumba macho, anaamshwa na mashimo!"

Wakacheka wote, wakapakia, nyuki wakahama salama.

Kesho yake lori liliamka na sauti nyingine, ile ya daktari anayekuomba ukae kwanza.

"Ndugu mteja, bima yako ni daraja la tano. Limesikika deni la mbuzi mmoja, limepita muda wake. Umekiri kumla. Ipo tuhuma kwamba chombo hiki ni cha wizi. Shahidi amesema unaendesha umefumba macho."

"Yule ni mtani wangu!"

"Cheo cha mtani hakipo kwenye orodha ya mashahidi wasiokubalika."

Kondo alivaa shati la Ijumaa, akaenda kwenye Shirika la Bima la Ngao-Tatu, akapelekwa kwa mhandisi aliyeitengeneza sehemu ya masikio ya Msikizi. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Tulinagwe, mzaliwa wa Rungwe. Alimsikiliza mpaka mwisho, na hadithi ilipofika kwenye pembe ya Bagamoyo akacheka hadi akavua miwani.

"Baba, hata kwetu watani wapo," alisema. "Mimi nimekuelewa. Msikizi ndiye haelewi."

"Si umfundishe, mwanangu?"

"Nimfundishe nini? Nikimwambia apuuze deni linalodaiwa kwa kicheko, kesho kila tapeli atajifunza kucheka. Mtu atakopa shamba la watu, akidaiwa atasema, aa, huyo mtani wangu. Utani hauna alama, baba. Maneno ni yaleyale ya ugomvi. Tofauti iko moyoni, na moyoni sijaweza kuweka kifaa."

Kondo alikuwa amekuja kugombana na mjinga, akamkuta mwenye akili. Na hilo huchosha zaidi.

"Lakini njia ipo," Tulinagwe aliendelea, safari hii kwa sauti ya chini kidogo. "Tumeanzisha Usajili wa Utani. Utasajili jina la mtani wako. Kabla ya kutaniana mmoja aseme, 'Naanza utani.' Msikizi ataziba sikio. Mkimaliza aseme, 'Nimemaliza utani.' Basi. Hakuna litakaloandikwa."

"Basi?"

"Basi, baba. Ni maneno manne tu."

Wakajaribu. Katabi alisimama mbele ya lori, akakohoa, akajinyoosha kama anayesoma risala.

"Naanza utani," alisema. "Kondo, wewe ni mwizi wa... wa nazi."

"Ahaa," alisema Kondo.

"Tena ni mvivu," Katabi aliongeza.

"Na wewe... una kichwa kikubwa. Cha mizigo."

Wakatazamana. Vibarua nao wakatazama chini. Nyuki peke yao ndio waliokuwa wanasema kitu.

"Nimemaliza utani," alisema Katabi. Wakapakia mizinga kimya, kama watu waliokutana kituo cha polisi.

Hawakujaribu tena mara nyingi. Polepole Katabi akaanza kumwita "bwana Kondo". Akawa anamuuliza hali ya barabara. Siku moja alimpa mkono na kumshukuru kwa huduma nzuri, na Kondo alirudi nyumbani ameumwa na neno hilo kuliko alivyowahi kuumwa na nyuki. Lakini bima ilishuka. Daraja la nne, la tatu, la pili. Mjini kote watu walikuwa wanasemana vizuri. Ungepita sokoni ukadhani kila mtu amefiwa.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mama yake Kondo, Bi Siwema, bikizee aliyebakiwa na meno machache na maneno mengi. Katabi alikuwa na desturi ya kupita kwake kunywa uji na kutukanwa.

"Mume wangu yuko wapi?" aliuliza. Ndivyo alivyomwita. "Kapata kigoli?"

"Yupo, mama. Ana kazi."

"Mmegombana?"

"Hapana. Bima imeshuka."

Bi Siwema alilitafuna hilo kwa ufizi. "Nanyi mmeshuka nayo," alisema.

Halafu akaugua. Kondo alikaa naye hospitali, na matairi yakasubiri. Mkopo ukapita siku yake. Usiku hali ilipobadilika alilikimbiza lori mjini kutafuta dawa, kama lililokuwa linawaka moto, akakata kona, akakanyaga breki za kuamsha mtaa. Msikizi aliyahesabu yote. Mguu umeharibika, mfuko umeharibika. Mama alipokata roho, bima ya mwanawe ilikuwa daraja la sita, na sauti ya lori ilimpa pole na onyo kwa pumzi moja: kosa moja zaidi, gari litajifunga.

Na mizinga ya Katabi yote ilikuwa pembeni ya mashamba ya tumbaku, na Jumatatu ndege-mashine za shamba zingepita kunyunyizia dawa ya kuua wadudu. Nyuki walitakiwa kuhama Jumapili. Lori lingine lenye vitanda vya mizinga mjini hapakuwa nalo.

Jumamosi walimzika Bi Siwema. Makaburi yalikuwa mbali, ng'ambo ya reli, basi jeneza liliwekwa juu ya lori, limefunikwa vizuri. Kabla ya kuondoka, Kondo alisimama kando ya mlango wa dereva, akasema yale ambayo mwana husema.

"Mama alikuwa binadamu. Kama alimkosea mtu, namwombea radhi. Na kama yupo anayemdai, asiende naye kaburini. Aje kwangu. Deni la mama ni langu."

Ndipo Katabi akatokea. Alikuwa amevaa gunia lililotobolewa kichwani na mikononi, amejipaka majivu, kashika mwiko uliovunjika. Akatembea mpaka mbele ya lori. Wanawake barazani wakanyoosha shingo. Wanaume wakamngoja.

Katabi alitazama jeneza. Kisha akatazama ile punje ya kunde juu ya kioo.

"Naanza utani," alisema taratibu.

Mtu mmoja akakohoa.

"Marehemu alikuwa... hodari wa kula uji." Akaushusha mwiko. "Nimemaliza utani."

Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyelia. Walisimama pale na jeneza lao kama watu wanaosubiri mzigo ukaguliwe. Kondo aliwatazama. Mama yake, aliyewachekesha wafiwa wa mji mzima, alikuwa anaondoka kama mtu asiye na kwao.

"Katabi," aliita. "Mama yangu hazikwi kwa tangazo. Mtukane vizuri."

"Lori lako liko daraja la sita, bwana Kondo."

"Usiniite bwana."

"Na nyuki wangu nani atawahamisha?"

"Nyuki wako wana mabawa. Mtukane, nimesema!"

Katabi alimtazama kidogo. Halafu akautupa mwiko, akajibwaga chali mbele ya magurudumu, miguu huku, mikono kule.

"Hapiti mtu!" Sauti ile ya ng'ambo ya mto ikarudi. "Hapiti mtu hapa! Anakwenda wapi bibi huyu na mali yangu? Nilimkopesha meno mawili ya mbele aende nayo harusini Kisarawe, akaapa atarudi nayo Jumatatu! Jumatatu ya mwaka gani, Siwema? Mnaona ndoa hii? Miaka yote mimi nanywa uji, nyama anatafuna yeye kwa meno yangu! Mfunueni nichukue changu! Na ninyi Wazaramo, mtu wenu hata kufa kafa kwa uvivu. Angekuwa Mnyamwezi angekwenda kaburini kwa miguu, na mzigo kichwani!"

Dada yake Kondo ndiye aliyeanza. Ilimtoka sauti ambayo hakuna aliyejua ni kicheko au kilio, na hata yeye hakujua. Ikadakwa na baraza zima. Wazee walishikana mabega. Kondo aliegemea mlango wa lori lake akacheka huku machozi yakimlowesha kanzu, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akalia sawasawa.

"Ndugu mteja," lilisema lori. "Limesikika deni la meno mawili. Mdaiwa ni marehemu. Umelidhamini mwenyewe kwa sauti yako. Chombo pia kimezuiliwa barabarani. Bima yako ni daraja la saba."

Milango ikajifunga, ta!

Wanaume hawakusubiri kuambiwa. Walipanda, wakalishusha jeneza, wakalitia mabegani. Bega la kwanza lilikuwa la Katabi, na gunia lake. Walikwenda kwa miguu mpaka ng'ambo ya reli, wakipokezana, na njia nzima Katabi alikuwa anamlalamikia marehemu uzito.

Alasiri, watu walipotawanyika, wawili hao walirudi kwenye lori. Lilikuwa palepale, na adabu zake.

"Ndugu mteja, pole kwa msiba. Unazo njia mbili. Ya kwanza, kulikana deni. Ukilikana, mdai ataandikwa kuwa shahidi wa uongo, naye atakuwa daraja la saba katika bima zake zote, maisha yake yote. Ya pili, kulikubali deni na kuahidi siku ya kulipa. Ukiahidi, gari litafunguka."

"Likane," alisema Katabi. "Mimi mwongo, nani asiyejua?"

"Na bima ya mizinga yako?"

"Nitajua mwenyewe. Likane, nyuki wasife."

Kondo alitazama yale majivu yaliyofanya michirizi kwenye uso wa rafiki yake. Kumwita mtu huyu mwongo, leo, na kutia sahihi kwa kidole?

"Nalikubali," aliliambia lori. "Nadaiwa meno mawili."

"Asante. Utalipa lini?"

"Siku ya maziko yangu. Aje achukue."

Lori lilihesabu kidogo.

"Tafadhali taja tarehe."

Katabi alikuwa wa kwanza kuangua. Kondo akafuata. Walicheka wakakaa chini, wameegemea tairi, gunia na kanzu, mpaka mbavu zikawauma.

"Tafadhali taja tarehe," lilirudia lori.

"Mtajie tarehe, au kazi ingojee?" Katabi alisema akijifuta. "Mwambie miaka arobaini."

"Arobaini! Wewe utakuwa umeoza zamani. Nani atanilalia mbele ya gari?"

"Kumi basi."

"Kumi karibu. Mwanangu wa mwisho hajaoa."

"Wazaramo kwa kuchagua! Ishirini?"

"Ishirini wewe utakuwa na miaka mingapi?"

Katabi alihesabu kwa vidole, akaacha katikati. "Kulala barabarani nitaweza," alisema. "Kuinuka ndiyo sijui."

"Toa mmoja. Kumi na tisa, unainuka?"

"Kumi na tisa nainuka. Ukinishika mkono."

"Nitakuwa kwenye jeneza, mpumbavu wewe."

"Ee. Nilisahau."

Upande wa mashamba ya tumbaku kulisikika ndege-mashine moja ikijaribiwa, inanguruma, inazimwa. Kondo alisimama, akapangusa kanzu. Akataja tarehe: tisa, mwezi wa nane, miaka kumi na tisa kutoka mwaka ule. Aliitaja kwa sauti ya kawaida, kama anayeahidi mzigo. Lakini alipomaliza, alibaki ameshika mlango. Alikuwa ameisikia ikitoka kinywani mwake.

Milango ikafunguka. Taa zikawaka. Kiti cha dereva kikaanza kupata joto.

"Asante, ndugu mteja. Ahadi yako imepokelewa. Bima yako ni daraja la nne. Tutakukumbusha siku saba kabla."

Katabi alizunguka upande wa pili, akapanda, akakaa karibu na Kondo kuliko alivyozoea kukaa.

"Endesha polepole," alisema.